Siku Mtani Alipotoa Shikamoo

Jumatatu, 5 Juni 1995

Uji umechelewa tena. Kuni mbichi, mpishi analalamika, moshi umejaa mpaka bweni letu la wanawake. Nimekohoa asubuhi nzima. Miguu leo afadhali, nimefika barazani bila kushikwa.

Keshokutwa wanakuja wageni. Wafadhili. Kwa hiyo kuta zinapakwa rangi. Fundi kaandika ukutani kwa bluu, herufi kubwa: MZEE NI MTU KWANZA. Nimemkagua, hakukosea hata herufi moja. Ualimu haunitoki. Zamani makao haya ya wazee yalikuwa ya serikali na tulikuwa na Msimamizi. Siku hizi serikali imejitoa, limekuja shirika, na Msimamizi anaitwa Meneja. Uji ni uleule.

Meneja kapita kitanda kwa kitanda kuuliza kila mtu anapenda nini. Eti ndiyo huduma ya kisasa, kila mzee atunzwe kwa namna yake mwenyewe. Mie nimesema napenda chai ya tangawizi na kuachwa nisome. Kacheka. Mzee Mkumba alipoulizwa kasema yeye anampenda Mafiti wake, aje mapema. Meneja kaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, kaenda kitanda cha pili. Hakuuliza Mafiti ni nani. Angegeuka tu angemwona, alikuwa nyuma yake kabeba ndoo ya maji ya moto.

Mafiti ni Nyoni, mhudumu wa upande wa wanaume. Mngoni wa Songea. Bibi zetu ndivyo walivyowaita Wangoni, Mafiti. Sie watu wa Rufiji na wao ni watani, na Nyoni na Mzee Mkumba wanautumia utani wao kila siku ya Mungu. Nyoni haingii bila tusi. Leo kaingia na, "We maiti, bado upo? Kaburi limekungoja mpaka linapiga miayo." Na mzee, macho yake hayaoni tena hata mkono wake mwenyewe, kajibu kwamba harufu ya Mngoni imefika kabla ya Mngoni.

Basi hapo ndipo anapovuliwa, anaogeshwa, anapakwa mafuta, analishwa uji mpaka bakuli linakwanguliwa, wanatukanana muda wote. Mzee Mkumba alikata boriti za mikoko huko Mbwera maisha yake yote, mtu wa nguvu, mtu wa kujitegemea. Kuvuliwa nguo na mtu mwingine ni jambo zito kwa mtu kama yule. Kwa matusi yale haoni aibu. Nawasikia kutoka barazani nacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 7 Juni

Nina hasira. Niandike polepole.

Wageni wamekuja. Mmoja mama wa Kizungu, mpole, umri wa kuwa mdogo wangu. Meneja mbele, anatafsiri. Wameingia bweni la wanaume, nasi tunaoweza kutembea tukafuata kwa nyuma, kwa kuwa kulikuwa na soda. Nyoni alikuwa ndo kwanza anamwamsha Mzee Mkumba. Kama kawaida yake: "Amka wewe, nikuoshe kabla hujaoza." Mzee kacheka, fizi zote nje. Yule mama kauliza, amesema nini?

Meneja angeweza kusema lolote. Angesema wanasalimiana, na ingekuwa kweli tupu. Mtoto wa nchi hii, kakua na watani kama sisi sote. Kamtafsiria neno kwa neno. Kuosha, kule kuosha maiti. Kuoza. Kiingereza nakijua, nimekifundisha, nimesikia kila neno likitoka mdomoni mwake. Yule mama kajishika mdomo, macho yakajaa machozi. Simlaumu sana. Kaambiwa mzee anatukanwa. Lakini laiti angemtazama mzee mwenyewe! Alitazama sakafu.

Hapo Meneja angeeleza. Hakueleza. Kaomba radhi, kasema hatua zitachukuliwa mara moja. Zimechukuliwa kabla soda hazijaisha. Nyoni kasimamishwa kazi kwa kosa la kumvunjia mzee heshima. Kavua koti la kazi pale pale, kalikunja, kaliweka juu ya meza. Mzee Mkumba bado alikuwa anacheka, hakujua.

Pumbavu. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 8 Juni

Kaletwa Hamisi badala ya Nyoni. Mtu wa Umwe, hapa hapa Rufiji, mtulivu, adabu tele. Kapiga goti kando ya kitanda: "Shikamoo baba, naomba nikuogeshe." Mzee Mkumba kavuta shuka mpaka kidevuni.

Hakuoga. Uji kaugeuzia uso.

Haya ni ya kuambiwa? Hamisi ni mtoto wa nyumbani. Rufiji ni Rufiji, ukimtazama ni kama mwanawe wa kumzaa. Mtoto atamwogeshaje baba yake? Atamwona utupu halafu kesho atamwitaje baba? Mtani anaweza. Mtani ndiye wa kukushika pale ambapo wa kwako hawawezi kukushika, na mambo yakaisha kwa kicheko. Hata anayekunya kwenye kanga ya mamaye analijua hilo.

Hamisi hana kosa. Kasimama na ndoo yake mpaka maji yakapoa.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwenda ofisini. Nimevaa kanga mpya, nimechukua fimbo yangu, nimekwenda.

Kanikaribisha vizuri, Mwalimu keti, Mwalimu karibu. Nimemweleza yote tangu mwanzo hadi mwisho, kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la tatu. Kwamba ule ni utani. Kwamba Mzee Mkumba tangu Alhamisi amekunywa maji tu. Kwamba hakuna mtu humu aliyetunzwa vizuri kuliko yeye. Kanisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi. Halafu kasema, "Mwalimu, mila tunaziheshimu, lakini utani una mipaka yake."

Utani una mipaka! Mipaka yake naijua mimi kabla hajazaliwa. Nikamkumbusha kwamba dereva wake ni mtani wake, na juzi tu nimemsikia kwa masikio yangu akimwita dereva mtumwa wangu, njoo ubebe mizigo ya bwana wako, wakacheka wote wawili mpaka gari likataka kuingia mtaroni. Akasema ule ni wa kwao wenyewe. Huku kuna wafadhili.

Kwa hiyo utani ni wa wenye kazi. Mtu akizeeka akaletwa hapa, anyang'anywe watani wake, abaki na heshima. Heshima inapakwa ukutani kwa bluu. Nimeondoka bila kuaga. Najua sio adabu, na nimefanya makusudi.

Jumapili, 11 Juni

Nimejaribu mwenyewe. Nimekaa kando ya kitanda chake na bakuli, nikamwambia we mzee mkaidi, kula. Kanijibu taratibu, "Bi Zuhura, na wewe unanitukana?" Kaumia kweli. Mimi ni wa Salale, Rufiji kama yeye, sina utani naye, kwangu tusi ni tusi. Nimetamani ardhi ipasuke.

Hakuna Mngoni mwingine humu. Mlinzi ni Mmakonde. Mpishi mtu wa Kibiti hapa hapa.

Jumanne, 13 Juni

Mganga wa zahanati kaja. Kampima, kamtazama ulimi, kamminya ngozi ya mkono ikabaki imesimama. Hana ugonjwa, kasema. Mzee amegoma. Asipokula hamalizi wiki. Kamwandikia maji ya chumvi na sukari. Mzee kayatema.

Ndugu yake mmoja tu aliyebaki yuko Mbwera, naye haendi popote, miguu haina kazi. Kumrudisha mzee huko ni gari mpaka Nyamisati halafu boti, na katika hali hii hafiki.

Jioni Meneja kaingia bweni la wanaume, kasimama miguuni pa kitanda, katoka. Nadhani sasa kaogopa. Sio kumwogopea mzee. Anaogopa kuandika kwamba mzee amekufa kwa njaa katika makao yenye maandishi yale ukutani. Potelea mbali, aogope kwa sababu yoyote anayotaka, mradi aogope.

Jumatano, 14 Juni

Nyoni anarudi! Mlinzi kaniambia asubuhi, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Mchana nimejua sharti lake. Anarudi kwa majaribio, na neno moja baya likisikika anaondoka moja kwa moja, bila barua ya kumsaidia kutafuta kazi kwingine. Kaambiwa na maneno ya kusema. Shikamoo mzee. Naomba nikuhudumie. Asante mzee. Ndiyo hayo, basi.

Kakubali. Watoto wake wanasoma na shule siku hizi hazisomeshi bure. Nimemlaumu moyoni kwa muda mfupi, halafu nikajionea aibu. Ningekuwa yeye ningekubali pia.

Alhamisi, 15 Juni

Sijui niandike vipi.

Nyoni kaingia na ndoo. Mzee Mkumba kamjua kwa miguu, jinsi anavyoburuza kandambili. Uso ukafunguka. Kainua kichwa kwenye mto, kichwa ambacho jana hakikuinuka, akangoja. Sote tulingoja. Wanaume wote bwenini wamegeuza vichwa, nami nimesimama mlangoni.

Nyoni kasema, "Shikamoo mzee."

Mzee Mkumba hakuitikia. Kalaza tena kichwa. Halafu kaniita, kanijua nipo kwa kukohoa kwangu. Kauliza, "Mwalimu, mimi nimeshakufa?"

Nikamwambia hujafa. Kauliza tena, sasa mbona Mafiti ananiamkia? Nyoni kaweka ndoo chini, kaangalia dirishani. Mzee akasema basi kama bado, ni leo leo, maana wamemwambia Mafiti, na yeye mwenyewe haambiwi. Kageukia ukutani.

Mtume! Mtu mzima, mpole, hajamdhuru mtu, ameambiwa kwamba anakufa kwa kupewa shikamoo! Na Meneja alikuwa ukumbini kasikia, karidhika. Kaniambia unaona Mwalimu, sasa kuna heshima. Kama ningekuwa na miguu ya zamani ningempiga. Naandika hivi kwa akili timamu. Ningempiga kofi.

Ijumaa, 16 Juni

Nimetukana leo. Nimetukana mbele ya watu, mchana kweupe, siku ya Ijumaa. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa dini na dunia.

Niliwaza sana. Mie kwa Mzee Mkumba sina utani. Lakini kwa Nyoni ninao. Sie sote wa Rufiji tunao. Sikuwahi kuutumia, kila siku ni Mwalimu shikamoo, marahaba Nyoni, nilivyozoea. Leo nikasema acha.

Baada ya watu kutoka msikitini nimeingia bweni la wanaume. Nyoni kasimama kando ya kitanda na bakuli, mkono wa kulia umeshika kijiko, kama anayengoja kupigwa picha. Mzee uso ukutani. Nikapaza sauti. Nikamuuliza hilo koti la kafa-ulaya, mtumba wa maiti, alilovaa, mwenye koti anajua? Nikamwambia Mngoni mzima anashika bakuli kama bibi harusi anayeona haya. Nikamwambia mama yake alimzaa huku anakimbia ndo maana kichwa kimekaa upande.

Nyoni kanitazama kwa macho ya kuniomba. Kisha katazama mlangoni, na mimi nikatazama. Meneja amesimama pale.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nikasema, au siku hizi Wangoni ni wanawake, tuwatafutie waume?

Nyoni kacheka. Hakutaka, kicheko kimemtoka puani. Kaweka kijiko ndani ya bakuli, kasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuitia ng'ombe, kwamba sie watu wa Rufiji tunyamaze, maana babu zake walipokuja na ngao zao bibi zetu walikimbilia mikokoni, wakakaa kwenye tope na kaa wanawauma makalio mpaka vita vikaisha.

Bwenini watu wakashika mbavu. Na kutoka ukutani sauti ndogo, kavu, sauti ya mtu ambaye hajala siku ngapi sijui: "Mwongo! Walikwenda kuvua!"

Mzee Mkumba kageuka. Kageuka mwenyewe. Kasema, "Mafiti, kumbe upo? Nilidhani umekufa, nikasikitika sikuitwa kula pilau." Nyoni kamwambia fungua domo hilo, choo cha popo. Kafungua. Kala. Nyoni anamlisha na kumtukana na machozi yanamtiririka, hayafuti kwa sababu mikono yote ina kazi. Mzee haoni kitu. Kamaliza uji, kadai mwingine. Baadaye kaogeshwa kichwa hadi miguu, na maji yalisikika mpaka barazani.

Meneja hakuingia. Alipotazama saa yake nikajua Nyoni hana kazi tena.

Jumamosi, 17 Juni

Nyoni kafukuzwa. Asubuhi mapema, kabla ya uji.

Mimi nimeitwa baadaye. Nimeambiwa kitendo changu kimesikitisha, na kwamba kwa umri wangu ningekuwa mfano. Nikasema mfano nimeshautoa, mzee amekula, wewe umeona kwa macho yako. Nikasema ukutani pako mmeandika mzee ni mtu, na mtu ana watu wake, usimchagulie. Nikasema mengine pia. Kanisikiliza. Ubaya wake ni huo, anasikiliza vizuri sana. Halafu akasema amemfukuza kwa kufuata utaratibu, na utaratibu hauwezi kubagua.

Mimi ndiye niliyemchokoza Nyoni. Nilijua yuko mlangoni na nikaendelea. Sijui kama nilifanya vibaya. Nilipomwambia hivyo Nyoni getini, kaniambia alikuwa amechoka kushika ulimi, hata nisingekuja angepasuka mwenyewe siku moja. Halafu kasema, "Uniangalizie, Mwalimu, huyo maiti wangu asilale na njaa." Kanipa mkono. Ana lori la kupanda kesho, linapita kivuko cha Ndundu kwenda kusini. Huko kwao ana kaka mwenye shamba.

Hasira niliyonayo leo haina kelele. Imekaa tu.

Jumapili, 18 Juni

Mzee Mkumba kauliza Mafiti yuko wapi. Hamisi kanitazama. Nikasema hajafika leo, ana kazi mjini. Kala kidogo. Vijiko viwili vitatu.

Jumatatu, 19 Juni

Kauliza tena. Safari hii hakungoja nijibu. Kasema, wamemfukuza. Hajala kitu.

Sikulala vizuri.

Jumatano, 21 Juni

Jana nimemwambia Mzee Mkumba ukweli nusu. Nimemwambia Nyoni amekimbia.

Kauliza amemkimbia nani. Nikamwambia wewe. Nikamwambia ulipomjibu siku ile mbele ya watu, roho ilimruka, kafunga mizigo akapanda lori usiku. Kacheka polepole, kifua kikamtikisika mpaka nikaogopa. Mafiti kanikimbia mimi! Kamwita Hamisi amsikie. Kawaita na wa kitanda cha jirani. Kala uji nusu bakuli kutoka mkono wa Hamisi. Kuoga bado hataki, kakubali uso na mikono tu.

Leo asubuhi kaniuliza amekimbia mpaka wapi. Nikasema kavuka Ndundu, kaonekana Nangurukuru, hana hata kiatu. Kacheka, kala. Mchana kauliza tena, nikasema mpaka jioni atakuwa Lindi.

Kuna baridi leo, wamenipa blanketi la pili. Nimekaa barazani na ramani ya zamani niliyokuwa nayo shuleni, naitazama. Lindi, Masasi, Tunduru, Songea. Barabara ni fupi kuliko nilivyodhani. Itabidi nimpitishe njia za mbali, mpaka Newala, mpaka ng'ambo ya Ruvuma huko, huku na huku, asifike nyumbani.